Nembo kwenye pakiti haitoshi, mkulima aonyeshwe mkataba

UKICHUKUA pakiti ya chai, kahawa au chokoleti kwenye duka lolote kubwa la Dar es Salaam, Nairobi au London, aghalabu utakuta pembeni nembo ndogo inayoeleza kwamba zao lililomo ndani limelimwa kwa njia endelevu. Nembo nyingine ina picha ya chura, nyingine ina jani, na nyingine ni maneno ya kampuni yenyewe kuhusu namna inavyowajali wakulima na mazingira.

Nembo hizo hazikutoka hewani. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, kampuni kubwa za vyakula na vinywaji zimetumia fedha nyingi kufundisha wakulima, kugawa miche, kulipia wakaguzi na kujenga vituo vya kununulia mazao. Wapo wakulima wa Kenya, Tanzania na Afrika Magharibi ambao mavuno yao yamepanda kutokana na misaada hiyo.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo nembo hailielezi. Kilimo endelevu kina gharama, na gharama hiyo lazima ibebwe na mtu. Mkulima anapoacha kiuatilifu cha bei nafuu kilichokatazwa, anapopanda miti ya kivuli mahali ambapo angeongeza mibuni, au anapoacha matawi ya chai aliyopogoa yaoze shambani badala ya kuyapeleka jikoni yawe kuni, anatoa kitu mfukoni mwake. Kama mnunuzi hamrudishii gharama hiyo kwenye bei, basi anayeufadhili uendelevu huo ni mkulima, wala si kampuni.

Ndiyo maana misaada ya kampuni haina budi kupimwa kwa kile kilichoandikwa kwenye mkataba: bei, muda, na nani analipa nini. Msaada ulioandikwa humo unaweza kudaiwa. Msaada wa kwenye vipeperushi na hotuba huondoka siku soko linapobadilika au kampuni inapouzwa. Mifano ya miaka ya karibuni, kuanzia chai ya Kericho hadi kakao ya Ivory Coast, inaonyesha hivyo.

Kampuni zinatafuta nini

Kampuni hazifanyi kazi hii kwa huruma, na hakuna ubaya katika hilo. Kiwanda kinahitaji uhakika wa malighafi. Mibuni na mikakao mingi imezeeka, mvua hazitabiriki kama zamani, na vijana wengi wanakimbilia mijini. Kampuni ambayo mkulima wake anang'oa chai ili apande parachichi itajikuta baada ya miaka michache haina cha kufungasha.

Aidha, wateja wa Ulaya na Marekani wameanza kuuliza maswali kuhusu misitu, ajira ya watoto na ujira wa vibarua. Serikali zao nazo zimeanza kutunga sheria. Kwa hiyo kampuni inamhitaji mkulima endelevu kama mkulima anavyolihitaji soko.

Kwa kawaida msaada huja kwa sura nne. Ya kwanza ni mafunzo, ambayo siku hizi hutolewa kwa njia ya shamba darasa. Ya pili ni pembejeo na miche kwa mkopo, unaokatwa wakati wa mauzo. Ya tatu ni cheti, yaani kumpeleka mkulima hadi akidhi viwango vya taasisi ya ukaguzi. Ya nne ni fedha: bei nzuri, nyongeza kwa kila kilo, au malipo ya moja kwa moja.

Kati ya hizo nne, tatu za mwanzo huigharimu kampuni kidogo zaidi na hupigwa picha kwa urahisi. Ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo inayoamua kama zile tatu za mwanzo zitazaa matunda. Mkulima aliyefundishwa kupogoa vizuri lakini hana fedha ya kumlipa kibarua wa kupogoa hatapogoa.

Chai: cheti kilikuja, mwenye shamba akaondoka

Mfano ulio karibu zaidi ni wa chai. Mwaka 2007 kampuni ya Unilever, iliyokuwa ikimiliki mashamba makubwa Kericho nchini Kenya na Mufindi hapa Tanzania, ilitangaza kwamba itanunua chai iliyolimwa kwa njia endelevu. Shamba lake la Kericho lilipata cheti cha Rainforest Alliance mwaka huo huo, na kampuni ikaahidi kwamba kufikia 2010 chai yote ya vifuko ya Lipton Yellow Label na PG Tips inayouzwa Ulaya Magharibi itakuwa na cheti.

Ahadi hiyo haikuweza kutimizwa kwa mashamba makubwa peke yake. Ilibidi kuwafikia wakulima wadogo wa Kenya wanaouza majani yao kupitia Shirika la Ustawi wa Chai, KTDA, ambao idadi yao inazidi 600,000. Wengi wao wana chini ya ekari mbili za chai.

Hapo ndipo mashamba darasa yalipoingia. Mbinu hiyo ilianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Wakulima wa chai hukutana kwenye shamba la mmoja wao, wakalinganisha mistari iliyowekwa mbolea kwa njia mbalimbali, wakapima mavuno na kuamua wenyewe kipi kinafaa. Walijifunza kuchuma majani mawili na kichipukizi kwa mzunguko mfupi, kuacha matawi yaliyopogolewa yawe matandazo, na kutunza vyanzo vya maji.

Faida za kazi hiyo zilionekana. Majani mazuri hutoa chai nzuri kiwandani, na kwa kuwa inachukua takribani kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyokaushwa, ubora wa mchumaji mmoja mmoja una uzito mkubwa kwenye bei ya mwisho.

Tatizo lilikuwa sokoni. Chai nyingi ya Kenya huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni Pakistan, akifuatiwa na wengine kama Misri na Uingereza. Mnywaji wa chai wa Karachi au Cairo hana habari na chura wa kwenye pakiti. Kwa hiyo mkulima hukidhi masharti ya cheti kwa majani yake yote, lakini ni sehemu tu ya chai yake inayokwenda kwa mnunuzi anayekitaka cheti hicho, na hata huyo hununua kwa bei ya mnada. Cheti kikawa kama tiketi ya kuingilia uwanjani: bila hicho huingii, lakini ukishaingia hakuna anayekulipa kwa kuwa nacho.

Baadaye likaja jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Novemba 2021 Unilever ilitangaza kuuza sehemu kubwa ya biashara yake ya chai kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC kwa euro bilioni 4.5, na mauzo yakakamilika Julai 2022. Mei 2024 kampuni iliyorithi biashara hiyo, Lipton Teas and Infusions, nayo ikatangaza kuuza mashamba yake ya Kenya, Tanzania na Rwanda kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Ndani ya miaka mitatu, kibarua wa Mufindi na mkulima wa jirani yake walikuwa wamebadilishiwa mwenye mali mara mbili.

Hakuna sheria inayozuia kampuni kuuza mali yake. Lakini ahadi za miaka 15 kuhusu mafunzo, nyumba za wafanyakazi, misitu na bei zilikuwa za nani? Kama zilikuwa kwenye mkataba wa ununuzi, mnunuzi mpya alizirithi pamoja na mitambo. Kama zilikuwa kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni, zilibaki kwenye kabati la makao makuu ya zamani.

Cheti chenyewe pia kilionyesha mipaka yake. Februari 2023 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba ya Kericho yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Kericho ndiko shamba la Unilever lilikokuwa limepewa cheti tangu 2007. Mkaguzi anayefika kwa siku chache, kwa ratiba inayojulikana, huona ghala la viuatilifu na vyoo. Haoni kinachofanyika kwenye mistari ya chai siku nyingine zote za mwaka. Njia ya kulalamika bila kuogopa kufukuzwa kazi haiwezi kuletwa na mkaguzi. Huletwa na chama cha wafanyakazi chenye nguvu na mkataba unaomlinda mlalamikaji.

Mtama: soko lilipokuwepo na lilipotoweka

Mfano wa pili hauna nembo yoyote, lakini una mafunzo makubwa. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya East African Breweries ya Kenya ilianzisha bia ya bei nafuu ya Senator Keg, kwa lengo la kuwavuta wanywaji waliokuwa wakihatarisha maisha yao kwa pombe haramu. Serikali iliipa bia hiyo nafuu ya ushuru, na baadaye kampuni ikaanza kuitengeneza kwa mtama wa wakulima wa nchini.

Kwa mtazamo wa kilimo endelevu, hatua hiyo ilikuwa na akili. Mtama huvumilia ukame. Wakulima wa maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya, waliokuwa wakipanda mahindi na kuvuna mabua, walipata zao linaloendana na mvua yao na mnunuzi wa uhakika. Mbegu ya Gadam, inayokomaa haraka, ilienea. Hakuna semina ya mabadiliko ya tabianchi ingeweza kuwashawishi wakulima kuacha mahindi kwa kasi kama ilivyofanya bei ya kilo moja ya mtama.

Oktoba 2013 nafuu ile ya ushuru ilipunguzwa na bia ikatozwa nusu ya ushuru wa kawaida. Bei ikapanda, wanywaji wakarudi kwenye vinywaji vya vichochoroni, na mauzo ya Senator yakaporomoka. Kiwanda kikapunguza ununuzi na wakulima wakabaki na magunia. Mwaka 2015 serikali ikarejesha nafuu ya asilimia 90, na mwaka 2019 kampuni ikafungua upya kiwanda chake cha Kisumu kwa ajili ya bia hiyo. Lakini kwa mkulima aliyekuwa amekopa mbegu msimu wa 2013, marekebisho ya 2015 yalikuwa yamechelewa.

Funzo hapa ni kwa pande mbili. Serikali inayopanga ushuru wa kinywaji inapanga pia kitakacholimwa na mkulima, hata kama hilo haliandikwi kwenye hotuba ya bajeti. Kwa upande wa kampuni, kilimo cha mkataba kinachompa mkulima wajibu wa kuuza bila kuipa kampuni wajibu wa kununua ni mkataba wa upande mmoja. Hatari yote ya soko humwangukia mwenye uwezo mdogo wa kuibeba.

Kakao: mfuko ni ule ule

Ivory Coast na Ghana kwa miaka mingi zimezalisha takribani asilimia 60 ya kakao yote duniani. Huko ndiko misaada ya kampuni za chokoleti ilikofanyika kwa muda mrefu na kwa kelele nyingi zaidi. Mwaka 2001 kampuni hizo zilitia saini makubaliano yanayojulikana kama Harkin-Engel ya kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa 2020 ulikadiria kwamba bado watoto milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi zisizowafaa kwenye kakao ya nchi hizo mbili.

Miaka 20 ya mafunzo, nembo na ahadi haikuondoa tatizo hilo, kwa sababu chanzo chake ni umaskini wa kaya. Baba asiye na fedha ya kumlipa kibarua humchukua mwanawe shambani.

Mwaka 2019 serikali za nchi hizo zilichukua njia nyingine. Zilitangaza kwamba kila tani ya kakao itakayouzwa kuanzia msimu wa 2020/21 itaongezewa dola 400 kwa ajili ya kipato cha mkulima. Kampuni zilikubali hadharani. Kisha baadhi ya wanunuzi wakaanza kubana nyongeza nyingine ambayo kakao ya nchi hizo hulipwa kwa ubora wake, hivyo kilichotolewa kwa mkono wa kulia kikarudishwa kwa mkono wa kushoto.

Novemba 2020 mamlaka za kakao za nchi hizo ziliishutumu kampuni ya Hershey ya Marekani kwa kukwepa nyongeza hiyo kwa kununua kakao kwenye soko la bidhaa. Adhabu waliyoitoa inafaa kukumbukwa: walisimamisha miradi yote ya uendelevu ya kampuni hiyo nchini mwao. Siku chache baadaye suala hilo lilimalizwa na miradi ikaruhusiwa kuendelea. Ujumbe ulikuwa kwamba huwezi kujitangaza kuwa rafiki wa mkulima kwenye pakiti huku ukimkwepa kwenye bei, kwa kuwa mfuko unaotoka fedha hizo ni ule ule.

Zipo pia hatua zinazostahili pongezi. Januari 2022 kampuni ya Nestlé ilitangaza mpango wa kulipa kaya za wakulima wa kakao hadi faranga 500 za Uswisi kwa mwaka katika miaka miwili ya mwanzo, zikishuka hadi 250 baadaye. Malipo hayo hutolewa kwa mambo manne yanayopimika: watoto kuandikishwa shule, kupogoa mikakao, kupanda miti mingine shambani, na kuwa na shughuli nyingine ya kipato. Fedha hupitia simu ya mkononi na hugawanywa kati ya mkulima na mwenza wake. Malipo hayaongezeki kwa ukubwa wa shamba, hivyo mdogo hapunjwi.

Huo ni mwelekeo sahihi, kwa sababu kampuni inalipia kazi inayoitaka badala ya kuiomba. Upungufu wake ni kwamba kiasi na muda wa malipo viko mikononi mwa kampuni peke yake.

Hapa nyumbani upo mfano mdogo wa kakao wenye maana. Katika bonde la Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili hununua mbegu mbichi za kakao kutoka kwa wakulima kwa bei iliyo juu ya ile ya soko la eneo hilo, kisha yenyewe hubeba kazi ya kuvundika na kukausha. Mkulima hulipwa mapema na hupunguziwa kazi, na mnunuzi hupata ubora anaoweza kuuuza kwa watengenezaji chokoleti wa nje. Hapo bei nzuri haitokani na ufadhili. Inatokana na bidhaa bora, na ndiyo maana ina nafasi ya kudumu.

Kahawa na sheria ya Ulaya

Hoja hii sasa inagonga mlango wa kila chama cha msingi kinachouza kahawa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji misitu, iliyopitishwa 2023, inagusa ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Muuzaji lazima aonyeshe shamba lilipo na athibitishe kwamba halikufyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020. Shamba la hadi hekta nne linahitaji alama moja tu ya GPS. Lililo kubwa zaidi linahitaji kuchorwa mipaka.

Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 30, 2024, kisha ikasogezwa mwaka mmoja, na Desemba 2025 ikasogezwa tena hadi Desemba 30, 2026 kwa kampuni kubwa na za kati na Juni 30, 2027 kwa ndogo. Kuahirishwa huko kusichukuliwe kama kufutwa.

Zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania hutoka kwa wakulima wadogo. Kila kihamba cha Kilimanjaro, kila kibanja cha Kagera na kila shamba la Mbozi au Mbinga lazima lipate alama yake. Kazi hiyo ina gharama ya vijana wa kuzunguka na simu, posho, usafiri na mtu wa kutunza kumbukumbu. Wajibu wa kisheria ni wa kampuni inayoingiza kahawa Ulaya, lakini asipokuwepo wa kusimama kidete, bili itashuka hatua kwa hatua hadi kwenye makato ya kilo ya mkulima.

Lipo pia suala la umiliki wa taarifa. Kampuni ikija kupima mashamba kwa gharama yake na kuondoka na taarifa, mkulima atalazimika kumuuzia huyo huyo, kwa sababu mnunuzi mwingine hatakuwa na alama za shamba lake. Kipimo kilichokusudiwa kulinda msitu kitageuka kamba ya kumfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja. Taarifa za shamba lazima ziwe mali ya mkulima na chama chake, na kila mnunuzi apewe nakala.

Kuhusu bei, hesabu ya mfano inasaidia. Chukulia chama cha msingi chenye wanachama 300, kila mmoja akiuza kilo 200 za kahawa safi. Jumla ni tani 60. Chini ya mfumo wa Fairtrade, mnunuzi hulipa nyongeza ya senti 20 za dola kwa ratili, sawa na takribani senti 44 kwa kilo. Chama kinapata dola 26,400, na wanachama huamua kwa kura zitumike vipi. Nyongeza hiyo hulipwa hata bei ya soko inapopanda, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2025 ambapo arabika ilivuka dola nne kwa ratili. Bei inaposhuka kipo kima cha chini, ambacho kwa arabika iliyooshwa kilipandishwa Agosti 2023 kutoka dola 1.40 hadi 1.80 kwa ratili.

Sasa chukulia chama hicho hicho kina cheti kingine ambacho nyongeza yake haina kiwango na hupatikana kwa mazungumzo, kikaambulia senti tano kwa ratili. Kinapata dola 6,600, yaani dola 22 kwa mwanachama. Humo humo atoke mkaguzi wa kila mwaka, karani, vifaa vya kujikinga na semina. Rainforest Alliance ililazimisha wanunuzi kulipa nyongeza kupitia viwango vyake vipya vya 2020, na kwa kakao ikaweka kima cha chini cha dola 70 kwa tani kuanzia Julai 2022. Kwa kahawa na chai iliachia mazungumzo. Chama kisicho na mjumbe anayejua kupiga hesabu kitakaa kwenye mazungumzo hayo kama mgeni.

Kinachotakiwa kufanyika

Bei ya chini inayotangazwa na serikali peke yake si dawa. Julai 2021 Kenya iliweka kima cha chini cha dola 2.43 kwa kilo ya chai ya KTDA kwenye mnada wa Mombasa. Wanunuzi hawakuwa wamefungwa na mkataba wowote wa kununua, hivyo chai isiyouzika ilirundikana maghalani na baadaye kima hicho kikaondolewa. Bei bila mnunuzi aliyejifunga haina nguvu.

Kinachohitajika ni mikataba ya ununuzi ya misimu kadhaa, angalau mitatu hadi mitano, inayotaja kiasi kitakachonunuliwa na kanuni ya kukokotoa bei. Benki itamkopesha mkulima mwenye mkataba wa namna hiyo. Mwenye cheti peke yake haitamsikiliza.

Mikataba itaje waziwazi gharama za ukaguzi, upimaji wa mashamba na miti ya kivuli, na nani anazilipa. Nyongeza itamkwe kwa kilo na ibandikwe kwenye ubao wa chama pamoja na malipo ya awali na ya pili, ili kila mwanachama aweze kuisoma.

Mikataba iwe na kifungu kinachosema kwamba kampuni ikiuzwa, wajibu wake unahamia kwa mnunuzi. Yaliyotokea Kericho na Mufindi yanatosha kuwa sababu. Tume ya Ushirika, bodi za mazao na maofisa ugani wana wajibu wa kuvisaidia vyama kuandika kifungu hicho kabla ya saini, kwa kuwa baada ya saini hakuna wa kumsikiliza mkulima.

Vyama vya ushirika navyo visikwepe lawama. Nyongeza nyingi zimeyeyukia kwenye posho za vikao na magari ya viongozi. Kampuni inayosita kulipa kupitia chama chenye hesabu chafu ina sababu ya kusita. Chama kinachotaka kukaa mezani kama mshirika kianze kwa kufunga hesabu zake kwa wakati na kuzisoma mbele ya wanachama.

Kampuni za vyakula zimethibitisha kwamba zinaweza kumfundisha mkulima, kumpa miche bora na kumfikisha kwenye soko la nje. Hayo ni mema na yaendelee. Lakini mwakilishi wa kampuni anapokuja kijijini na bango la kilimo endelevu, swali la kwanza la wanakijiji lisiwe watapewa nini siku hiyo. Liwe ni msimu wa tano kuanzia sasa kampuni itanunua kilo ngapi, kwa bei gani, na limeandikwa wapi.